Coltrane Aliyefunikwa na Umaarufu Wake

Neno jazi limeishi kwetu maisha tofauti na yale liliyoyaishi kwao. Mkenya wa rika la wazazi wangu akilisikia hukumbuka Shirati Jazz ya D. O. Misiani au Victoria Jazz ya Ochieng Nelly, magitaa ya benga na dansi ya Jumamosi usiku. Si kosa. Maneno husafiri, na yakifika ugenini hupewa kazi mpya. Lakini kwa sababu hiyo muziki wenyewe uliolizaa neno hilo, ule wa Wamarekani weusi, haujasikilizwa sana miongoni mwetu, na pale unaposikilizwa husikilizwa kwa majina machache na santuri chache zaidi.

Miongoni mwa majina hayo machache ni la marehemu John William Coltrane, mpiga saksafoni aliyezaliwa tarehe 23 Septemba 1926 na kufariki tarehe 17 Julai 1967, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Anapotajwa, aghalabu hutajwa pamoja na santuri tatu: Giant Steps ya mwaka 1960, My Favorite Things ya mwaka 1961, na A Love Supreme ya mwaka 1965. Wengine humjua kupitia Kind of Blue, santuri ya mpiga tarumbeta Miles Davis iliyorekodiwa mwaka 1959, ambamo Coltrane alikuwa mmoja wa wapigaji.

Sina ugomvi na santuri hizo. Zimepata sifa zinazostahili. Ninachokipinga ni mazoea ya kukomea hapo, kwa kuwa mazoea hayo yamezaa picha mbili zisizotosha. Ya kwanza ni ya fundi wa kasi aliyemimina noti nyingi kuliko sikio liwezavyo kuzipokea. Ya pili ni ya mtakatifu aliyeshukiwa na ufunuo, kiasi kwamba mjini San Francisco liko kanisa lenye jina lake. Kati ya fundi na mtakatifu, mtu mwenyewe amepotea. Rai yangu katika makala haya ni kwamba mtu huyo tunaweza kumpata, na kwamba anapatikana zaidi katika santuri zisizotajwa sana. Humo namsikia msikilizaji mkubwa wa sauti ya binadamu, ambaye katika maisha yake mafupi alijaribu kukifanya chombo cha shaba kizungumze.

Tuanze alikozaliwa. Mji wa Hamlet uko katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, ambako sheria za wakati ule ziliwatenga weusi na weupe katika shule, magari na hata makaburi. John akiwa bado mchanga, wazazi wake walihamia High Point katika jimbo lilo hilo, nyumbani kwa babu yake mzaa mama. Babu huyo, Mchungaji William Blair, alikuwa mhubiri wa Kanisa la African Methodist Episcopal Zion, na babu mzaa baba alikuwa mhubiri vilevile. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyependa kupiga ala za nyuzi kwa kujifurahisha.

Jambo hili la wahubiri si dogo. Katika makanisa ya weusi wa kusini mwa Marekani, mhubiri huanza kwa kusema na mara nyingi humaliza kwa kuimba, na mpaka kati ya kusema na kuimba hauonekani ulipo. Kiimbo hupanda hatua kwa hatua, vituo hufupishwa, waumini huitikia, hadi sentensi inageuka wimbo bila mtu kutangaza kwamba sasa tunaimba. Mtoto aliyelelewa na babu wa namna hiyo alikuwa na darasa la fonolojia nyumbani kabla hajashika ala yoyote.

Kisha misiba ikaandamana. Kati ya mwisho wa mwaka 1938 na mwaka 1939, John akiwa na umri wa miaka 12, alifiwa na babu yake, baba yake na bibi yake. Ni katika kipindi hichohicho alipoanza kupuliza ala katika bendi ya mtaani, akapitia klarineti, kisha akaishika saksafoni. Mwaka 1943, baada ya kumaliza shule, alihamia Philadelphia. Alitumikia Jeshi la Wanamaji kati ya 1945 na 1946, huko Hawaii, akarejea Philadelphia kusomea muziki na kutafuta riziki katika bendi za watu wengine, ikiwemo ile ya Dizzy Gillespie aliyojiunga nayo mwaka 1949.

Miaka iliyofuata naipita upesi kwa kuwa imesimuliwa mno. Mwaka 1955 aliajiriwa na Miles Davis. Mwaka huohuo alimwoa Juanita, mwanamke Mwislamu aliyejulikana kwa jina la Naima, jina ambalo watu wa mwambao wetu wanalijua vyema, lenye mzizi mmoja na neno neema. Wimbo aliomtungia mkewe huyo mwaka 1959 hupigwa hadi leo. Lakini wakati huo Coltrane alikuwa mtumwa wa heroini, na mwaka 1957 Davis alimfukuza kazi. Alirejea nyumbani Philadelphia, akajitenga, akaiacha sumu ile. Aliyempokea baadaye mwaka huo ni mpiga piano Thelonious Monk.

Hapa ndipo inapotokea santuri ya kwanza ninayotaka msomaji aitafute. Tarehe 29 Novemba 1957, Monk na Coltrane walipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, na onyesho hilo likarekodiwa na idhaa ya Sauti ya Amerika. Kanda zake zilikaa katika Maktaba ya Bunge la Marekani bila kujulikana zina nini hadi mwaka 2005, yaani kwa muda wa miaka 48. Zilipopatikana, zilitolewa mwaka huohuo. Mpiga besi wa usiku ule alikuwa Ahmed Abdul-Malik, ambaye pia alipiga udi, ala ileile tunayoijua katika taarabu. Anayesikika humo ni Coltrane aliyetoka kujinasua miezi michache tu iliyopita. Anapiga kwa wingi, ndiyo, lakini chini ya uangalizi wa Monk, mtu aliyejua thamani ya kunyamaza. Monk anaacha pengo, Coltrane analijaza; Monk anauliza kwa noti mbili, Coltrane anajibu kwa ishirini. Ni mazungumzo ya watu wawili wenye tabia tofauti, na kijana anajifunza mbele ya masikio yetu.

Mwaka uliofuata, 1958, Coltrane alirekodi mara kadhaa na mpiga tarumbeta Wilbur Harden kwa ajili ya kampuni ya Savoy. Harden hakujaaliwa muda mrefu katika sanaa. Maradhi yalimwondoa jukwaani, na alifariki mwaka 1969. Vipande walivyorekodi vina majina yanayopaswa kumshtua msomaji wa Afrika Mashariki: kimoja kinaitwa Dial Africa, kingine Gold Coast, na kingine Tanganyika Strut, yaani Tanganyika ikitembea kwa madaha. Tukumbuke ulikuwa mwaka 1958. Ghana, iliyoitwa Gold Coast na wakoloni, ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na ingesubiri hadi tarehe 9 Desemba 1961. Wanamuziki weusi wa Marekani, ambao wenyewe hawakuweza kuketi popote walipotaka katika basi la Alabama, walikuwa wakilitazama bara hili na kutoa majina yake kwa kazi zao. Sidai kwamba muziki wa santuri hizo una mapigo ya ngoma za Wagogo au Wasukuma. Ni jazi ya New York ya wakati wake, nzuri na iliyotulia. Lakini jina nalo ni tamko. Aliyeita kazi yake Tanganyika mwaka 1958 alikuwa amechagua upande.

Umaarufu ulipofika, ulifika kwa kishindo. Giant Steps na My Favorite Things zilimfanya kiongozi. Mwaka 1961 alirekodi Africa/Brass, ambamo jina la bara linabebwa na kundi kubwa la wapuliza ala na wapiga besi wawili kwa zaidi ya dakika 16. Na mwaka huohuo likaja shambulio. Mhakiki mmoja wa gazeti la Down Beat aliandika kwamba Coltrane na mwenzake Eric Dolphy walikuwa wakipiga muziki unaoiharibu jazi badala ya kuijenga. Lilikuwa neno kali, nalo likaenea. Mwaka uliofuata gazeti hilohilo liliwapa wawili hao nafasi ya kujieleza.

Mimi naona kwamba jibu lenyewe lilitolewa studioni. Twende mwezi Machi mwaka 1963, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey. Tarehe 6 Machi, Coltrane na wenzake watatu, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma, walirekodi vipande kadhaa vyenye nguvu na utafiti. Kazi hiyo haikutolewa, na kanda zake za asili zikapotea. Kilichoiokoa ni nakala aliyokuwa nayo Naima, ambaye kufikia mwisho wa mwaka huo ndoa yao ilikuwa imevunjika. Familia yake iliitunza, na mwaka 2018 ikatolewa kwa jina la Both Directions at Once, miaka 55 baada ya kurekodiwa.

Siku iliyofuata, tarehe 7 Machi, watu walewale wanne waliingia studio ileile, wakiwa na mtu wa tano: Johnny Hartman, mwimbaji mwenye sauti nzito ya baritoni, ambaye kama Coltrane alikuwa amepitia kwa Dizzy Gillespie. Walirekodi nyimbo sita za mapenzi, jumla yake dakika 31 hivi. Hiyo ndiyo santuri iitwayo John Coltrane and Johnny Hartman. Wapenzi wa jazi wanaijua na kuienzi, lakini nje ya duara lao haitajwi, na hata ndani yake wapo waliowahi kuidharau kama kazi ya kibiashara iliyotokana na mashauri ya mzalishaji Bob Thiele ya kutaka kuwatuliza wahakiki.

Hata ikiwa Thiele alitaka hivyo, namna ya kupiga aliichagua Coltrane. Msomaji asikilize My One and Only Love. Saksafoni inaanza peke yake, inaupiga wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila pambo kubwa, kama mtu anayesoma barua kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kisha Hartman anaingia na maneno, na tunagundua kwamba hatukuyakosa sana, kwa sababu saksafoni ilikwisha kuyatamka. Ilikuwa imevuta pumzi pale ambapo mwimbaji angevuta. Ilikuwa imeweka mkazo pale ambapo silabi yenye shadda ingeangukia.

Kuna ushahidi mwingine. Wimbo wa Lush Life, utungo wa Billy Strayhorn, Coltrane aliurekodi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1958, bila mwimbaji, kwa karibu dakika 14. Mara ya pili ni huu wa mwaka 1963 pamoja na Hartman, ambao hauchukui hata nusu ya muda huo. Anayemjua Coltrane kama mtu asiyeweza kujizuia na asikilize hizi mbili zikifuatana. Katika ile ya pili anamwachia mwenzake nafasi, anaingia panapomstahili, anatoka bila kelele. Wingi wa noti, kumbe, haukuwa ulevi. Alikuwa na kiasi, na alikitumia alipoona kinahitajika.

Miezi sita baadaye, tarehe 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa na wabaguzi liliwaua wasichana wanne weusi katika kanisa moja la Kibaptisti mjini Birmingham, jimbo la Alabama. Mwezi Novemba Coltrane alirekodi kipande kifupi kiitwacho Alabama. Hakina maneno. Piano inanguruma chini kwa chini, na juu yake saksafoni inasema taratibu, inatua, inasema tena, kama mzee aliyepewa nafasi ya kunena kando ya kaburi. Mjukuu wa wahubiri alikuwa amerudi mimbarani.

Mwaka 1964 akafuatisha santuri iitwayo Crescent, ambayo kwangu ndiyo iliyoonewa kuliko zote, kwa kuwa ilizaliwa miezi michache tu kabla ya A Love Supreme na kivuli cha mdogo wake kikaifunika. Humo mna maombolezo yaitwayo Lonnie's Lament ambamo Coltrane, kiongozi wa bendi na nyota wa santuri, anaupiga wimbo wenyewe tu. Uwanja wa kubuni anawaachia Tyner na Garrison. Na kipande cha mwisho amekikabidhi kwa ngoma za Elvin Jones. Ni wangapi kati ya viongozi wetu, wa sanaa au wa jambo lolote, wanaojua kukaa kando?

Baada ya kuisikiliza Crescent, hata A Love Supreme yenyewe hubadilika. Sehemu yake ya mwisho inaitwa Zaburi. Coltrane aliandika shairi la sala, likachapishwa kwenye jalada, na anachokipiga katika sehemu hiyo ni shairi hilo, neno kwa neno, silabi kwa silabi. Msikilizaji anaweza kulishika jalada mkononi na kuisoma saksafoni. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kustaajabisha, ingawa si la ajabu barani Afrika. Wayoruba, ambao lugha yao hutofautisha maneno kwa toni, wana ngoma inayoziiga toni hizo hadi msikilizaji akaelewa ujumbe. Coltrane alikuwa amefika mahali ambapo wazee wa Kiyoruba wangempigia kiti akaketi.

Na kwa hakika aliwaendea. Alijenga urafiki na Babatunde Olatunji, mpiga ngoma kutoka Nigeria aliyekuwa akiishi New York, na mapema mwaka 1962 alimtungia kipande kiitwacho Tunji. Mwezi Oktoba 1965 alirekodi Kulu Sé Mama pamoja na Juno Lewis, mpiga ngoma na mwimbaji wa New Orleans, ambaye aliimba shairi lake mwenyewe katika lahaja ya krioli ya kwao. Neno mama lisimhadae Mswahili. Lugha hiyo si yetu. Lakini ni lugha iliyozaliwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu wakanyang'anywa lugha zao, wakajiundia nyingine. Coltrane aliifungulia santuri yake mlango kwa karibu dakika 19. Si rahisi kusikiliza, wala miaka yake miwili ya mwisho kwa jumla si rahisi. Saksafoni inalia, inapasua, inakataa kutulizwa. Simlaumu anayeizima. Namwomba tu asiianze safari yake hapo.

Tarehe 23 Aprili 1967, mwili wake ukiwa tayari umedhoofika, Coltrane alipiga katika kituo cha utamaduni wa Kiafrika cha Olatunji mtaani Harlem, kituo ambacho mwenyewe alikuwa amekichangia. Lilikuwa mojawapo ya maonyesho yake ya mwisho, na santuri yake ilitoka mwaka 2001. Chini ya miezi mitatu baadaye saratani ya ini ilimwua. Alimwacha mjane wake wa pili, mpiga piano Alice Coltrane, na watoto wao wadogo.

Huenda msomaji akasema kwamba santuri maarufu zina umaarufu kwa kuwa ndizo bora, na kwamba muda ni hakimu mwadilifu. Nakataa. Muda hauhukumu chochote. Watu ndio wanaohukumu, na huhukumu yale yaliyowafikia. Onyesho la Carnegie Hall halikushindwa na santuri nyingine yoyote kwa miaka 48: lilikuwa tu katika rafu, bila maelezo. Kazi ya tarehe 6 Machi 1963 haikukosa ubora: ilikosa mlinzi, hadi ikajulikana kwamba mlinzi alikuwapo muda wote, naye alikuwa mke aliyeachwa.

Somo hilo linatuhusu. Fadhili William anatajwa kwa Malaika na mara chache kwa lolote lingine. Daudi Kabaka anatajwa kwa Helule Helule. Wote wawili walifariki mwaka 2001, na wote walirekodi kazi nyingine ambazo kijana wa leo hajawahi kuzisikia. Santuri zao ndogo ziko katika masanduku chini ya vitanda, katika maduka ya vitu vikuukuu, na katika maghala ya watangazaji. Vyuo vikuu, nikiwemo mimi ninayelipwa kuchunguza lugha na sauti, vina wajibu wa kuziorodhesha na kuzihifadhi kabla vumbi na unyevu havijamaliza kazi. Na familia zina wajibu wa kutozitupa eti hakuna tena chombo cha kuzichezea.

Anayetaka kuanza na Coltrane, ushauri wangu ni huu: aanze na santuri ya Hartman, usiku, nyumba ikiwa kimya. Aende kwa Crescent, kisha kwa Monk katika Carnegie Hall, kisha zile za Harden zenye jina la Tanganyika. Kulu Sé Mama aiweke mwisho. Akishamaliza, airudie A Love Supreme anayodhani anaijua. Atamkuta humo mtu aliyekuwa akizungumza tangu mwanzo.